Mafuta ya midomo: tafuta nta kwanza

Kipupwe kikishaingia hapa Iringa, kuanzia Juni, dukani kwangu huanza kuingia watu waliojifunika mtandio hadi puani. Wakiushusha naona midomo iliyochanika katikati, mingine inatoa damu. Mwezi uliopita alikuja binti wa chuo, ameshika kimkebe cha kijani kilichoandikwa "asilia asilimia 100". Akaniambia, "Dada, hii napaka hata mara kumi kwa siku, lakini hali ni ileile." Nilipokifungua, harufu ya mnanaa ikanijaa puani. Nikamuuliza kama inamchoma. Akajibu kwamba inachoma kidogo, ndiyo maana aliamini inafanya kazi.

Mimi ni mfamasia, na mafuta ya midomo nayatengeneza mwenyewe kwa mwaka wa saba sasa. Imani hiyo nakutana nayo karibu kila wiki, na huniumiza kwa sababu anayeteseka ndiye anayelipa. Mdomo ukichoma, ngozi inalalamika. Mnanaa, mdalasini, kafuri na mentholi vyote vinaweza kuisumbua ngozi iliyokwisha kupasuka, hata kama vimetoka shambani moja kwa moja. Upupu nao ni wa asili.

Ngozi ya midomo ni nyembamba sana, haina tezi za jasho, na tezi za mafuta ni chache mno. Kwa hiyo haijipaki mafuta yenyewe kama shavu au paji la uso. Maji yaliyomo ndani hutoka haraka, hasa kwenye upepo mkavu wa nyanda za juu. Ukihisi ukavu unalamba, mate yanakauka na kuondoka na unyevu uliokuwapo, unalamba tena. Ndiyo maana siwapi watoto mafuta yenye ladha ya stroberi au asali. Mtoto atayala, kisha atalamba mpaka apate duara jekundu kuzunguka mdomo.

Kinachotakiwa kwanza, basi, ni kitu cha kufunika ili maji yasitoke. Kazi hiyo hufanywa na nta. Nta ya nyuki ninayotumia hutoka Tabora, kwenye misitu ya miombo, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65 hivi, kwa hiyo hukaa juu ya mdomo bila kutiririka. Mafuta ya nazi peke yake hayawezi. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 24, na hilo nililijua vizuri nilipomtumia dada yangu aliyeko Dar es Salaam vimkebe sita nilivyovijaza nazi kwa wingi. Hapa Iringa vilikuwa vigumu kabisa, kule vikafika maji matupu na kuulowesha mkoba wake. Siku hizi ya kwenda Pwani naweka nta robo ya uzito wote, ya huku naipunguza.

Baada ya nta ndipo tuzungumzie mafuta yanayolainisha. Napenda sana shea, hasa ile ya kaskazini mwa Uganda, ambayo ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na haihitaji kusuguliwa ili ienee. Mafuta ya nyonyo ni mazito, yanang'aa na yanang'ang'ania mdomoni, hivyo kiasi kidogo kinatosha. Alizeti na lozi hurahisisha kupaka. Asali, ambayo wateja huiulizia mno, haichanganyiki na mafuta. Ikiwekwa nyingi hujitenga chini, kwa hiyo ile picha ya mzinga kwenye kifuniko isikushawishi.

Geuza kimkebe usome nyuma. Majina mara nyingi ni ya Kilatini, lakini ukiyajua machache yanatosha: Cera Alba ni nta ya nyuki, Butyrospermum Parkii ni shea, Cocos Nucifera ni nazi, Ricinus Communis ni nyonyo. Kwa kawaida kilicho kingi ndicho hutangulia. Ukikuta shea imetajwa mwishoni kabisa, baada ya Parfum au Aroma, yaani manukato na ladha, ujue unalipia jina. Midomo yako ikiwa imeshachanika, acha chochote chenye maneno hayo mawili mpaka ipone. Na mafuta ya mgando ya kawaida, yale ya bei ndogo yasiyo na manukato, si adui. Hayatoki kwenye mmea, lakini yanazuia maji kutoka vizuri sana, na asiye na hela ya shea asijione amekosa tiba.

Nyufa zikikaa kwenye pembe za mdomo tu, usiendelee kubadilisha mafuta. Huenda ni fangasi, au upungufu wa madini ya chuma au vitamini, na hilo linahitaji hospitali. Vilevile kidonda cha mdomo wa chini kisichopona kwa wiki tatu kionwe na daktari, kwa sababu mdomo huo ndio unaopigwa zaidi na jua na ndiko saratani nyingi za midomo huota. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hatari ni kubwa zaidi. Mafuta ya Kilisun yalianza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya kuwakinga na jua, na midomo nayo ni ngozi ya kukingwa. Nta na shea hazitoshi kuzuia jua. Tafuta ya midomo yenye zinki oksaidi na SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi.

Yule binti nilimpa kimkebe cha nta, shea na alizeti, kisicho na harufu yoyote. Nikamwambia apake akitoka kunawa uso, midomo ikiwa bado na unyevunyevu, na usiku apake tabaka nene, wala asibandue magamba. Baada ya siku kumi alirudi, midomo imefunga, akataka kingine kama hicho ampelekee mama yake kijijini. Nikamuuliza mama anashinda wapi mchana. Shambani, akasema, kwenye mahindi. Nikakirudisha kile rafuni, nikamtolea chenye zinki.