Betri haijafa, imepigwa na baridi

Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri hapa Minneapolis, simu yangu huanza kulia kabla sijachemsha chai. Maneno ni yale yale: "Fundi, ile betri kubwa imekufa." Januari moja alikuwa mzee wetu mmoja kutoka Kisii, anayeondoa theluji kwenye maegesho kwa pikapu yake ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Pikapu ililala nje siku tatu. Asubuhi akibonyeza kitufe, taa za dashibodi zinafifia kisha kimya. Alikuwa ameshaulizia bei ya betri mpya ya haibridi, na bei hiyo ilimkosesha usingizi kuliko baridi yenyewe.

Nilipofika sikuigusa kubwa. Nilifungua boneti nikaweka mita kwenye betri ndogo ya volti 12. Ilisoma 11.3. Iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6.

Watu wengi husahau kwamba haibridi ina betri mbili. Kubwa, yenye mamia ya volti, ndiyo inayozungusha mota. Lakini iko nyuma ya swichi nzito ambazo hazishiki mpaka kompyuta za gari ziamke, na kompyuta zinaamshwa na ile ndogo. Kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni na gari lisijitikise. Chukua Ford Maverick ya haibridi: haina altaneta (ya kuchaji betri) wala stata (ya kuwashia injini) ya kawaida. Injini huzungushwa kwa umeme wa betri kubwa, na ndogo huchajiwa na kifaa kinachoshusha volti za kubwa. Zinategemeana kama jiko na kiberiti.

Ndogo ni ya madini ya risasi na asidi, na baridi huionea kweli. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, nguvu yake hushuka chini ya nusu ya ile ya siku ya joto. Iliyojaa haigandi hata kwa baridi yetu hii. Iliyokwisha chaji huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, kwa sababu asidi yake imeshaingia kwenye sahani za risasi na kilichobaki ni karibu maji matupu. Ukiikuta imevimba, usiiazimie umeme wa gari jingine kamwe. Inaweza kukupasukia usoni.

Sasa hiyo kubwa. Aliyekulia Pwani anajua mafuta ya nazi wakati wa kipupwe: unapindua chupa, hayatoki. Kimiminika kinachobeba ayoni (chembe zenye chaji) ndani ya betri ya lithiamu hakigandi hivyo, lakini kinakuwa kizito, ukinzani wa ndani unapanda, umeme unatoka kwa kusuasua. Hilo halina madhara makubwa. Hatari iko kwenye kuchaji. Seli ikiwa chini ya sifuri na ukailazimisha kupokea umeme kwa kasi, lithiamu haiwahi kupenya ndani ya grafiti, kaboni inayoihifadhi. Inajipaka juu yake kama utando wa chuma, na sehemu ya iliyojipaka hivyo hairudi tena kazini.

Ndiyo maana kompyuta inakuwa bahili kwa makusudi. Inapunguza umeme unaorudishwa wakati wa kufunga breki, na inaiachia injini ya petroli mzigo zaidi. Dereva anaona kipimo cha chaji hakipandi kama alivyozoea, anaamini kitu kimeharibika. Kumbe gari linajilinda. Betri ikipata joto, mambo yanarudi, na kwa kuwa betri hizi ni ndogo, hazichukui muda mrefu: ya pikapu ya Ford F-150 PowerBoost ina kilowati-saa 1.5 tu. Toyota Tundra i-FORCE MAX inatumia ya nikeli, kilowati-saa 1.87, chini ya kiti cha nyuma. Mahali hapo mimi napapenda, maana joto la kabini linaifikia. Ila msizibe matundu yake ya hewa kwa mablanketi na mifuko ya unga, kama nilivyowahi kukuta.

Petroli nayo ndiyo inayowauma wengi. Kwa takwimu za Wizara ya Nishati ya Marekani, safari fupi za mjini kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri hupunguza umbali kwa kila galoni kwa takriban asilimia 15 kwenye gari la petroli la kawaida, ukilinganisha na nyuzi 25. Kwenye haibridi ni asilimia 30 hadi 34. Wateja wangu huilaumu betri. Mimi naanza na hita: kabini haipati joto injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo injini inabaki ikiwaka, na ile faida ya kuizima kwenye taa za barabarani inapotea. Washa joto la kiti na usukani kwanza, hita ya kabini uipunguze.

Betri ndogo ya yule mzee ilikataa kushika chaji, nikamfungia mpya na kumwachia chaja ya kuchomeka usiku gari likilala. Pikapu iliwaka mara moja. Wiki iliyofuata akapiga tena: inakunywa mafuta. Nikamuuliza anakwenda wapi kila siku. Nyumbani hadi maegesho ya kanisa, maili mbili, na kurudi, mara nne kwa siku, hita imefunguliwa mpaka mwisho. Kwa hilo sina betri ya kumuuzia.