Je, wajua? Mataya pekee hayatoshi kumtambua buu wa nzi-bundi

Mtoto aliyekulia Malindi, au vijiji vya kuelekea Gede, anavijua vile vishimo vya mviringo kwenye mchanga mkavu wa upenuni, pale mvua isipofika. Unamtupia sisimizi, mchanga unarushwa kutoka chini, mataya mawili yaliyopinda yanamdaka. Sasa mtoto huyo akifunua majani makavu chini ya mwembe, akakuta mdudu mwenye mataya yale yale lakini hana kishimo, atasema ni yule yule, katoka matembezini. Kumbe anaweza kuwa mwingine kabisa: buu wa nzi-bundi, mdudu ambaye akiota mbawa watu humdhania kereng'ende.

Makosa hayo yana sababu, maana hawa wawili ni wa damu moja. Kwa miaka mingi wataalamu waliwapa nzi-bundi familia yao, Ascalaphidae. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ukawaingiza ndani ya familia ya wale wa vishimo, Myrmeleontidae, ingawa wapo wanaoendelea kuwahesabu peke yao. Mataya yao yameumbwa kwa namna moja: kila upande ni vipande viwili vilivyobanana na kuacha mfereji katikati. Humo hupita sumu na maji ya kusagia chakula kwenda mwilini mwa windo, kisha nyama iliyoyeyuka hufyonzwa kupitia njia hiyo hiyo. Ukingo wa ndani una meno, mara nyingi matatu. Kwa hiyo anayeanza na mataya ataganda hapo hapo.

Mimi huanza na kisogo. Mtazame kutoka juu, kwa kioo cha kukuzia au kwa picha ya simu uliyoivuta karibu. Kichwa cha mdudu wa vishimo kina umbo la pande nne, na nyuma hakikubonyea sana. Cha buu wa nzi-bundi ni kipana, kimebonyea katikati ya kisogo, na pembe zake mbili za nyuma zimevimba na kuviringika, mfano wa kopa la karata. Mbele, karibu na shina la mataya, kuna vinundu viwili vilivyochomoza. Hivyo ndivyo vibebavyo macho, vijicho saba kila upande.

Halafu shuka ubavuni. Hapa ndipo penye ushahidi mzito. Mwili umebapa, na kando ya kifua na tumbo zimepangana nyama ndogo zilizochomoza kama vidole, pingili kwa pingili, zote zimezungukwa na vinyweleo vinene. Mdudu wa vishimo kwa kawaida ana mafungu ya vinyweleo tu, au vinundu vifupi. Vile vidole vina kazi: buu akilala bapa juu ya gome au jani, huuvuruga ukingo wa mwili hata jicho lisijue mdudu anaishia wapi na gome linaanzia wapi. Juu yake anajipakia mchanga, ukungu wa mitini na vipande vya majani, na vinyweleo vinavishikilia. Kisha anaacha mataya wazi, yametanuka mpaka karibu yanyooke mstari mmoja, anasubiri. Hakuna kishimo wala mbio.

Mwendo nao husaidia, ila usiuegemee sana. Wachimba vishimo hutembea kinyumenyume, buu wa nzi-bundi huenda mbele. Lakini si ndugu wote wa vishimo wanaochimba. Wamo wanaojifukia tu mchangani na kutembea mbele vizuri. Ukibaki na shaka, rudi kwenye kisogo na ubavu.

Wapo pia wabeba takataka wengine. Kunguni muuaji mchanga, kama Acanthaspis petax aliyechunguzwa karibu na Ziwa Victoria, hurundika mizoga ya sisimizi mgongoni. Huyo mgeuze: chini ya kichwa ana mrija mmoja wa kuchomea, hana mataya, na papasi zake, yaani vile vipapasio vya kichwani, ni ndefu. Wapo pia mabuu wa wadudu wa mbawa za wavu wanaokula vidukari; mataya yao ni membamba na hayana meno.

Jambo moja hulioni kwa nje, nami naliona la ajabu kuliko yote: buu huyu haendi haja kubwa. Utumbo wake wa kati umezibwa kwa nyuma, na masalia ya chakula hukaa humo hadi awe mdudu kamili. Ile njia ya nyuma inatumika kutoa hariri, anayofumia kifuko cha kujigeuzia.

Kujua ni spishi gani kwa kumtazama buu ni kazi ngumu hata kwa wataalamu. Njia ya uhakika ni kumfuga. Mchukue kwa kijiti, usimguse kwa kidole, umtie kwenye kopo lenye mchanga kidogo na majani makavu, peke yake, maana wawili watalana. Mpe sisimizi au mchwa, weka na kijiti cha kupandia siku ya kutoka. Atakapotoka, angalia papasi. Za kereng'ende ni fupi mno, huzioni kwa urahisi. Za nzi-bundi aghalabu ni ndefu, na nchani zina kirungu.