Mdai mageuzi naye huswali

Wengi hapa Dar es Salaam huamini kwamba anayedai mageuzi na usawa wa wanawake hana dini. Nimeyasikia haya barazani Temeke tangu utotoni, na wasemao huhofia tu watoto wasipotee. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini Katiba ya 1977, ibara ya 3, inapotaja nchi "isiyokuwa na dini", inazungumzia dola. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani. Ya 20 inazuia kusajili chama cha siasa cha kukuza dini fulani, haimzuii muumini kufanya siasa. Nakala ya Kiswahili imo mtandaoni. Zisome mwenyewe, kisha waulize wazee wa nyumbani. Kwetu, rafu moja ilibeba Msahafu juu na vitabu vya ujamaa chini, na mama alivifuta vumbi vyote kila Alhamisi.