John Cleveley wa Deptford, fundi aliyechora gudi lake

Kazi yangu ni kufuatilia maisha ya mafundi waliounda manowari za Uingereza katika karne ya 18. Wengi wao hawakuacha barua wala shajara, kwa hiyo tunaokoteza alama zao kwenye madaftari ya mishahara, ya ubatizo na ya mirathi. John Cleveley ni bahati kubwa, kwani yeye aliacha pia picha za rangi.

Alizaliwa Southwark, London, karibu na mwaka 1712, akaishi na kufanya kazi Deptford, kando ya Mto Thames, kwenye gudi la kifalme, yaani kiwanja cha kuundia meli, lililoanzishwa na Mfalme Henry VIII mwaka 1513. Mtu wa namna hii huanza kutafutwa Kew, kwenye nyaraka za taifa. Kuanzia 1710 serikali ilitoza kodi kwenye ada aliyolipwa fundi mkuu kwa kumpokea mwanagenzi, na madaftari ya kodi hiyo yanataja jina la fundi na kazi yake. Hadi kufikia katikati ya karne yanamtaja mara nyingi na mzazi wa kijana. Usipomkuta mtu wako humo, usikate tamaa, kwa sababu pasipokuwa na ada hapakuwa na kodi. Fungua madaftari ya mishahara ya gudi lenyewe.

Cleveley alipofariki mwaka 1777, hati ya mirathi aliyopewa mjane wake ilimtaja kuwa seremala wa manowari Victory. Hapa ndipo watu wengi huteleza. Wanamwona baharini, mizinga ikivuma. Lakini Victory ilishushwa majini Chatham mwaka 1765, ikawekwa akiba kwenye Mto Medway, na haikuingizwa kazini hadi 1778. Seremala wa manowari alikuwa ofisa wa kudumu: chombo kikilazwa, yeye hubaki kwenye orodha yake na kulipwa, akitunza mbao na milingoti. Kwa hiyo cheo hicho hakithibitishi hata safari moja. Kwangu mimi kinathibitisha jambo lenye uzito zaidi: pamoja na picha zote alizochora, serikali ilimhesabu kuwa fundi hadi mwisho.

Nazo picha ni ushahidi, ila zihojiwe. Ile ya manowari St Albans ikielea kutoka gudini mwaka 1747 imechorwa na mtu anayejua jinsi ubao unavyopindishwa kufuata mataruma, yaani mbavu za chombo. Nakshi za shetri, upande wa nyuma wa chombo, naziamini kabisa. Tarehe ni suala jingine. Katika picha ya 1757 meli Cambridge inashushwa majini huku Royal George ikiwa imetia nanga karibu. Cambridge ilishushwa Oktoba 1755, na Royal George haikugusa maji hadi Februari 1756, tena huko Woolwich! Cleveley alikusanya fahari ya mto mzima kwenye turubai moja. Tumsome kwa umbo la chombo, si kwa kalenda.

Wanawe wanatusaidia kuijua nyumba ile. Mapacha John na Robert, waliozaliwa 1747, walipitia gudini kabla ya kuwa wachoraji. Robert alikuwa kalafati, na inasimuliwa kwamba wenzake walimcheka kwa kuvaa glavu akiziba nyufa kwa lami. John alimfuata mtaalamu wa mimea Joseph Banks hadi Iceland mwaka 1772. Ndugu yao James alikwenda mbali kuliko wote: alikuwa seremala wa meli Resolution katika safari ya tatu ya Kapteni Cook, iliyoanza 1776, na picha za Pasifiki zilizochapwa baadaye kwa jina la John zilitangazwa kuwa zimetokana na michoro ya James. Ndiyo maana napendelea kuwatafuta mafundi hawa kwa familia. Daftari lililomruka baba huenda limemwandika mwana, kwenye gudi lilelile.