Berlin kwa miguu: ziara ya vitu visivyokuwepo

Wageni kutoka nyumbani wana swali lao la kwanza, na huliuliza kabla hatujavuka hata barabara moja: "Kaka, Ukuta uko wapi?" Nawaambia watazame chini. Nyuma ya Lango la Brandenburg, upande wa magharibi, kuna safu mbili za mawe zilizopachikwa kwenye lami. Hapo ndipo ulipopita. Kilomita zipatazo 155 za ukuta ziliizingira Berlin Magharibi tangu Agosti 1961 hadi Novemba 1989, na hapa kimebaki hiki kimstari. Watu huweka mguu mmoja huku na mwingine kule, hupiga picha, kisha hunitazama kama watu waliouziwa mbuzi kwenye gunia.

Nawaelewa. Anayetembeza watu Roma kazi yake ni kunyoosha kidole, magofu yanamsaidia kusema. Hapa Berlin vingi vya maana vilipigwa mabomu, vikalipuliwa au vikabomolewa kwa makusudi, na mwongoza wageni anabaki kueleza mapengo. Njia yangu nimeipanga kufuata hayo mapengo, na kwa Waswahili ninaipinda kidogo ipite pale yanapotuhusu.

Lango lenyewe halinichukui muda. Lilimalizika 1791, Napoleon akawabeba wale farasi wanne wa juu hadi Paris mwaka 1806, wakarudishwa 1814. Basi. Zamani nilikuwa nasimama pale dakika ishirini na tano nikimwaga tarehe, mpaka siku moja bibi mmoja wa Tanga akanigusa mkono: "Mwanangu, hizo zote nitazitia wapi? Mkoba umeshajaa." Tangu hapo tarehe nazitoa kwa kijiko. Ninachosisitiza pale ni usalama: kile kipande cha njia pembeni ya watembea kwa miguu ni cha baiskeli, na mwenye baiskeli wa Berlin hapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu anayejipiga picha.

Tunashuka kusini hadi kwenye nguzo za zege 2,711 za kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya. Hapo nanyamaza. Kila mtu anaingia peke yake, ardhi inateremka, nguzo zinampita kimo, tunakutana upande wa pili. Hatua chache mbele kuna maegesho ya magari ya wakazi na kibao kimoja tu: chini yake ndipo lilipokuwa handaki alimojiua Hitler. Kibao kimewekwa 2006. Mbwa wa mtaani hujisaidia pale, nami sijawahi kuona haja ya kuongeza neno.

Kituo ninachokipa muda kiko Wilhelmstraße, mbele ya jengo namba 92. Ukitegemea macho utapita moja kwa moja. Ni maghorofa ya makazi yaliyojengwa zama za Ujerumani Mashariki, yana roshani zenye maua, na kando ya njia kuna bango la maelezo. Eneo hilo ndipo lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, na ndani yake ulifanyika ule Mkutano wa Berlin, tangu 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalikaa pale kuzungumzia Afrika. Mwafrika hata mmoja hakualikwa.

"Kumbe ndipo walipotukata!" mtu husema, kila safari. Hapo ndipo ninapoanza ubishi wangu. Mkutano ule haukuchora mpaka wa Tanzania na Kenya. Hoja zake kubwa zilikuwa biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, pamoja na masharti ya taifa la Ulaya kudai pwani mpya. Jambo la kwetu lilitokea siku moja baada ya wajumbe kumaliza: 27 Februari 1885, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini hati ya kuilinda kampuni ya Carl Peters, aliyekuwa amerudi na mikataba kutoka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Mpaka wenyewe ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886: ukaanzia Mto Umba, ukapinda Kilimanjaro, ukaelekea Ziwa Victoria. Sultani wa Zanzibar akaachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi.

Na ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro? Tamu, lakini mwaka 1886 huyo mjukuu, Wilhelm wa Pili, hakuwa hata Kaisari. Alirithi kiti 1888. Wageni wengine hunikasirikia kwa kuwaharibia hadithi waliyofundishwa darasani. Wanasamehe tukifika kwenye kahawa.

Tukitoka hapo tunakatiza mtaa wa karibu uliobeba jina la kuwadharau watu weusi kwa karne tatu. Tangu Agosti 2025 unaitwa Anton-Wilhelm-Amo-Straße, kwa heshima ya mwanafalsafa wa karne ya 18 aliyezaliwa sehemu ambayo leo ni Ghana na kufundisha katika vyuo vikuu vya Ujerumani. Kubadili vibao vichache kulichukua miaka ya mabishano hadi mahakamani.

Bebelplatz nawaomba wainame. Katikati ya uwanja kuna kioo ardhini, na mchana hakionyeshi kitu isipokuwa mawingu na sura yako. Kinga mwanga kwa viganja vyote viwili, subiri kidogo, ndipo utaona chumba cheupe chenye rafu tupu, nafasi ya vitabu kama 20,000. Ni kazi ya Micha Ullman, kukumbuka usiku wa 10 Mei 1933 wanafunzi na Wanazi walipochoma vitabu uwanjani hapo.

Nikishawaacha wachungulie, nawageuza watazame ng'ambo ya barabara, kwenye jengo kuu la Chuo Kikuu cha Humboldt. Mwaka 1887 chuo hicho kilianzishiwa seminari ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawamo, kwa sababu koloni lilihitaji maofisa wanaojua kusema na watu. Mmoja wa walimu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa 1903. Alioa Mjerumani. Mwaka 1905 walipotaka kwenda kuishi kwao, serikali ya kikoloni ikawakatalia, wakarejea Ujerumani. Alifariki Berlin 1927. Lugha yake ilitakiwa, yeye na mkewe hapana.

Kasri lililo mwisho wa barabara nalipita upesi, nakiri kwa chuki binafsi. Lile la zamani lililipuliwa 1950, pakajengwa jumba la bunge la Ujerumani Mashariki, nalo likabomolewa, kisha likarudishwa kasri jipya lenye sura ya kale pande tatu. Pengo moja lililozibwa, na ndilo linalonidanganya kuliko yote.

Kutoka Alexanderplatz, chini ya mnara wa televisheni wa mita 368, tunapanda treni ya U8 vituo viwili hadi Rosenthaler Platz. Kituo cha mwisho hakimo kwenye vitabu vingi vya watalii: Brunnenstraße 193, "jiwe la kujikwaa", kama yanavyoitwa mawe ya kuwakumbuka waathiriwa wa Wanazi, kibamba cha shaba ya manjano cha sentimita kumi kwa kumi kilichopachikwa mbele ya mlango mwaka 2007. Mohamed Husen, jina la kuzaliwa Mahjub bin Adam Mohamed, alizaliwa Dar es Salaam 1904. Akiwa bado mtoto aliingia vita vya kwanza upande wa Wajerumani pamoja na baba yake askari. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara yao iliyobaki. Akabaki: mhudumu wa mgahawa, msaidizi wa masomo ya Kiswahili chuoni, mwigizaji wa filamu, hata ile ya kumsifu Carl Peters. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko 24 Novemba 1944.

Jiwe ni dogo, lazima uiname ulisome. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Kariakoo alichuchumaa kwa shida, akavua kofia, akalifuta vumbi kwa kidole gumba.

"Na ile mishahara," akaniuliza bila kuinua uso, "walimlipa?"

"Hapana, mzee. Walimkatalia."

Akaendelea kufuta.