C63 na M3: farasi wengi si ushindi

Kazi yangu ni injini na kompyuta za magari ya Kijerumani hapa Kampala, na swali ni lilelile kila wiki: "Fundi, kati ya AMG na M, ipi kali?" AMG ni magari ya kasi ya Mercedes, kama C63; M ni ya BMW, kama M3. Anayeuliza anataka idadi ya farasi, yaani nguvu ya injini. Lakini kampuni hizi zinauza tabia ya injini, na anayeichezea tabia hiyo wateja humkimbia.

AMG ilianzishwa 1967 na Aufrecht na Melcher, mainjinia waliotoka Mercedes, wakawa wanazinoa sedani za wazee hadi zikimbie. BMW iliunda idara yake ya michezo 1972. M3 ya kwanza ilitoka 1986, kwani kanuni za mashindano zilitaka gari hilo liuzwe pia kwa raia. Ndiyo maana M hujigamba kwa kona, AMG kwa mngurumo.

Fungua boneti ya C63 yenye V8, injini ya silinda nane. Juu ya injini kuna kibao chenye saini ya fundi aliyeiunga peke yake, mwanzo hadi mwisho. Wateja huinama kuisoma kabla hawajauliza hali ya oili. C63 ya kwanza ilikuwa na sentimita za ujazo 6,208 na farasi 457, bila tabo, kile kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini. (Ubavuni iliandikwa 6.3, kwa heshima ya Mercedes moja ya miaka ya sitini. Hesabu waliiacha shuleni.) Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Yenye tabo huumia kidogo tu, maana tabo huongeza kasi na kuisukumia hewa ya kutosha.

Mwaka 2022 likaja zogo. C63 mpya iliitupa V8, ikachukua injini ya silinda nne, lita 2, ikisaidiwa na mota ya umeme upande wa nyuma. Jumla, farasi 680. M3 Competition ilibaki na silinda sita na farasi 510.

Afande mmoja mstaafu akaniambia, "Fundi, hesabu ni hesabu."

"Afande, panda mzani kwanza," nikamjibu. C63 hiyo ina zaidi ya kilo 2,100, na uzito huo utaulipia kwenye breki na tairi. Sauti ya V8 nayo haipo, na mashabiki wa AMG walilalamika wazi.

Mercedes hawakurukwa na akili. Umoja wa Ulaya hutoza kampuni euro 95 kwa kila gramu ya kaboni kwa kilomita inayozidi kiwango, mara idadi ya magari iliyouza. Mota ya umeme hupunguza gramu hizo kwenye vipimo. BMW nao walifuata njia hiyo kwa M5 ya 2024, kaka mkubwa wa M3, ila V8 hawakuigusa. Hapo ndipo walipowazidi wenzao ujanja.

Uganda haipokei tena gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo V8 zile za kwanza zilizopita umri huo tafuta zilizokwisha kuingia. Ukiagiza, mimi ningechukua C63 ya 2015 kuja juu, kabla ya ile ya silinda nne: V8 ya lita 4, tabo mbili. Na tenga hela ya rimu mapema. Tairi zake zina ubavu mfupi, na mashimo yetu unayajua.