Askofu hatafsiriwi, anahamishwa

Jamani, hii sasa nimeiona mara nyingi mno: "Askofu William Morgan alitafsiriwa kwenda St Asaph mwaka 1601." Morgan huyo alikuwa askofu huko Wales, na St Asaph ni dayosisi ya huko. Sasa mtu anatafsiriwaje? Kinachotakiwa hapo ni uhamisho, yaani askofu mwenye dayosisi tayari anaachia kiti kile anapewa kingine, basi, na wala hawekwi wakfu upya maana uaskofu anao.

Kosa limeanzia kwenye Kilatini. Translatio kwao ni kuvusha, iwe ni maneno kutoka lugha hii kwenda ile, iwe mifupa ya mtakatifu kutoka kaburi moja kwenda jingine, iwe askofu kutoka kiti kimoja kwenda kingine, na Kiingereza kikarithi mzigo wote huo kwa neno moja, "translation". Sisi tafsiri yetu tumeitoa kwa Waarabu na shina lake ni kufafanua, kueleza, ndo maana hadi leo tunasema tafsiri ya ndoto, tafsiri ya sheria. Kuvusha humo hakumo kabisa. Ndoto inafafanulika, sheria inafafanulika, ila mtu hahami kituo kwa kufafanuliwa.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Morgan alikuwa mtafsiri kwelikweli. Biblia nzima ya Kiwelisi, ile ya 1588, ni kazi yake, na wakati huo hakuwa askofu wa popote, alikuwa kasisi wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant, kijijini kabisa huko Wales, akaenda kukaa London karibu mwaka mzima kusimamia uchapaji. Uaskofu ulikuja miaka saba baadaye, 1595, kwenye dayosisi ya Llandaff, hukohuko Wales, na hapo aliwekwa wakfu, huo sio uhamisho. Uhamisho ni ule wa 1601 peke yake, kwenda St Asaph, akakikalia kiti hicho mpaka alipofariki 1604. Kwa Richard Davies, askofu wa miaka ya nyuma yake, ilikuwa kinyume: alipewa St Asaph 1560, akahamishiwa St Davids, dayosisi nyingine ya Wales, 1561, halafu ndo 1567 Agano Jipya la Kiwelisi likatoka, alilolifanyia kazi na William Salesbury. Sasa ukiandika "alitafsiriwa" msomaji atajuaje unasema kiti au kitabu?

Kwa hiyo ndugu yangu, kwenye 1601 weka tu "alihamishiwa St Asaph". Tafsiri iache kwenye 1588, pale aliifanya kweli.